Mwalimu Rudia na Wageni Aliowangoja

Ndugu, jamaa, majirani na walimu wenzake, tunawasomea maisha ya binti yetu kama mama yake alivyoyaandika, maana yeye ndiye anayeyajua tangu mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1981, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na dobi wa hospitali. Alianza shule ya msingi mwaka 1988, akamaliza sekondari mwaka 1999 na chuo cha ualimu mwaka 2002, na tarehe 13 Januari 2003 akaajiriwa katika shule ya msingi ya kando ya reli, ambako alifundisha hadi mwisho. Alifunga ndoa tarehe 10 Juni 2006 na dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 2015 alianzisha darasa la mazingira, ambamo watoto hawakukariri maana ya mabadiliko ya tabianchi, bali walikwenda kuwasikiliza wenye shida, wakachora, wakatengeneza mfano kwa maboksi na gundi, wakaujaribu, na ukivunjika aliwaambia rudia, hata wakambandika jina la Mwalimu Rudia. Nyumbani nako aliwahi kumwambia mama yake arudie chai, mama akamjibu kwamba yeye si boksi, chai ni hiyo hiyo, anywe au aache.

Darasa hilo lilishirikiana na shule moja ya ng'ambo, kila upande ukiutafutia mwenzake dawa ya shida yake. Mwaka 2018 wenzao walishauri paa la bati lipakwe rangi nyeupe ili darasa lipoe, likapakwa, likapoa kweli, ila wa ng'ambo hawakujua kwamba maji ya kunywa shuleni hutoka kwenye paa hilo hilo, na wetu hawakukumbuka kuwaambia, mvua ya kwanza ikashusha rangi tangini. Hakuna mtoto aliyeugua, lakini wazazi walikuja juu, wakauliza kama safari ijayo watoto watanyweshwa na gundi, naye akasimama peke yake kuomba radhi, darasa likafungwa. Miaka minne ilipotea hivyo, na mama yake hadi leo anaona kosa lile lilikuwa la kurekebishwa, si la kufungia mlango.

Lilipofunguliwa mwaka 2022 alibaki na hamu moja, watoto wa pande zote mbili wakae chumba kimoja, kwani alisema mtu aliyekunywa maji ya tangi lile asingeshauri rangi. Safari ya wenzao wa ng'ambo kuja huku iliahirishwa mara mbili kwa ajili ya viza, ikathibitishwa, lakini figo zake hazikungoja. Alianza kuugua Februari 2024, na hata wodini alikuwa akiwapangia wageni pa kulala, muuguzi akamtania kama yeye ni mgonjwa au meneja wa hoteli, akacheka mpaka akakohoa. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024.

Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kama wageni waambiwe wasije, mama yake akamjibu waje, mashuka yameshafuliwa. Watafika tarehe 28 mwezi huu, wawili watalala chumbani kwa marehemu, na aliyewangoja miaka yote hiyo hatakuwepo kuwafungulia mlango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na walimu walioshika vipindi vyake bila kuombwa.

Umechoka, binti yetu. Sasa pumzika kwa amani.