Mbuzi Wangu na Pampu Iliyotema Moto

Mwaka aliofariki mume wangu nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na shule niliishia darasa la tatu. Aliniachia pampu moja ya petroli. Ndiyo iliyonilisha kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu: wanaume wanachimba, mimi natoa maji duarani, yaani ndani ya shimo lao, mawe ya dhahabu yakipatikana napewa mgao wangu. Nilikaa juu siku zote. Mwiko wa mwanamke kushuka shimoni niliujua, na sikuuvunja.

Siku moja pampu ikameza jiwe, ikazimika ghafla. Nikalitoa jiwe, nikadhani yameisha. Kuiwasha, pwaa! Ikatema moto kwenye kabureta, kamba ikarudi kwa nguvu ikanitegua vidole. Nikabadilisha plagi. Pwaa! Nikamwaga petroli nikaweka mpya, nikaosha kabureta. Pwaa! Na maji yanapanda.

Ndugu zangu, nawaambia, mashine ikigoma kwa mwanamume, mashine ni mbovu. Ikigoma kwa mjane, mjane ndiye mbovu.

“Mama Kabula, dhahabu haikutaki,” mwenye duara akasema mbele ya wote. “Umetuletea mkosi wa msiba wako.”

Mwingine akadakia, “Hata pampu yake inamtukana!”

Wakacheka. Naona na nyie mnacheka. Chekeni tu.

Wakaleta mganga, akataka mbuzi, na atoke kwangu. Nilikuwa naye mmoja. Wakamchinja mdomoni mwa duara, wakamla, hata utumbo sikuonja. Kisha wakanifukuza, mgao wangu wakabaki nao.

Nikapanda basi na pampu yangu hadi Kahama, niiuze kama chuma chakavu. Fundi mmoja mzee akanizuia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mayo,” akaniita mama kwa Kisukuma. “Ilizimikaje mara ya mwisho?”

“Ilikwama. Ilimeza jiwe.”

“Na huko hukuwaambia?”

“Hakuna aliyeniuliza.”

Akafungua ile sahani nzito yenye sumaku, inayotoa cheche. Kuna kichuma kinaishikilia isihame, hakizidi punje ya hindi. Kilikuwa kimekatika. Jiwe lilipokwamisha mashine, sahani ilisogea, cheche ikawa inawaka kabla ya wakati, moto unarudi nyuma. Akaweka kichuma kipya. Nikavuta kamba, ikaunguruma. Nililia pale gereji, na haikuwa furaha.

Nikarudi Nyarugusu na pampu kudai mgao wangu. Nilipoiwasha tu waone imepona, mwenye duara akapiga makofi: “Mnaona? Mbuzi kakubaliwa!”

Nikamwonyesha kichuma kilichokatika. Hakukitazama.

“Shusha bomba basi, mama, maji yamejaa.”

Nikaizima, nikaibeba. Duara lao likabaki na maji yake, nami nikaenda kumwagilia mashamba ya mpunga ya watu.

Namshukuru yule mzee. Nawashukuru nyinyi akina mama wa kikundi hiki, mlionipa pa kulala bila kuniuliza habari za mkosi. Radhi sijaombwa, wala sisubiri. Ninalowaachia ni hili: mashine ikitema moto, uliza ilizimikaje kabla hujauliza ni ya nani.

Leo nina pampu tatu, nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la mpunga na ng’ombe wanne. Mbuzi sifugi.