Kidonge cha Kulegeza Shingo

Ndani ya basi, mshonaji alikaa nyuma ya abiria wawili, macho dirishani, masikio mbele. Mmoja wao, seremala, alikuwa akimhurumia mwenzake wa pembeni, ambaye shingo yake ilikuwa imekataa kabisa kugeuka.

"Pole, kaka. Daktari aliniandikia hivi vya kulegeza misuli, kwa ajili ya mgongo wangu. Meza kimoja, utanishukuru."

"Havileti usingizi?"

"Kidogo tu. Mimi nikimeza, mke wangu huniita mpaka sauti inamkauka."

"Na asubuhi nilimeza cha mafua."

"Vitapatana huko huko tumboni," akasema seremala, kwa uhakika wa mtu aliyezoea kupima mbao, si watu.

Mwenye shingo akameza. Mshonaji alitaka kusema neno, kisha akajiambia hayamhusu. Bila shaka mtu anaenda zake nyumbani kulala.

Mbele kidogo basi likasimama kwenye kituo cha kubadilishana zamu. Dereva akateremka akijinyoosha. Mwenye shingo akainuka, akavaa kofia ya kazi, akaketi kwenye usukani na kuwasha injini.

"Zima gari, baba!" mshonaji akapiga kelele. "Umemeza usingizi!"