Ngazi Tano za Jukwaa Hili

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, uliyekalia kiti chenye mto; Makamu wako, ambaye nimeona kiti chake hakina; Mkuu wa Kitivo chetu; wahadhiri mliotufundisha, na nyinyi mliotuachia karatasi za kunakili mkaenda zenu; wazazi, wake, waume na watoto mliokuja na kamera; wahitimu wenzangu wa Shahada ya Usimamizi wa Miradi: kama kuna niliyemruka anisamehe, ratiba imebana na walioibana ndio walionifundisha kupanga ratiba.

Nimepewa dakika saba na onyo moja. Asubuhi hii Mkuu wa Kitivo alinivuta pembeni akaniambia, "Babu, sema lolote, ila suala la ngazi liache." Babu ni mimi. Nina miaka arobaini na tisa, na darasa lilinibatiza hivyo siku ya kwanza, nilipoingia na wote wakasimama wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Niliwaacha wasimame kidogo, sitawadanganya. Sasa, Mkuu wa Kitivo, samahani sana baba, lakini ngazi nitazitaja. Jukwaa hili lina ngazi tano. Pale mstari wa mbele kuna mwenzetu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, jina lake litaitwa muda si mrefu, na mpaka ninaposema hivi hakuna njia ya kumfikisha huku juu.

Sisi tunamwita Mkaguzi. Mhadhiri akisema jambo, yeye huuliza limepimwa na nani. Mhadhiri wetu wa takwimu alikuwa akimwona mlangoni anaanza kufuta ubao kabla hajaulizwa.

Mimi kabla ya kuja hapa nilikuwa fundi mwashi kwa miaka ishirini na miwili. Nilichoka kuamrishwa na vijana wenye kofia safi wasiojua zege linakauka kwa siku ngapi. Nikamwambia mke wangu naenda kusoma. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, tena ukuta niliojenga mwenyewe. Akasema, "Nenda baba. Ila ukirudi unaniita mdau, utajipikia." Yupo pale nyuma, anaficha uso. Mama, leo huponi.

Mwaka wa pili tukaambiwa kila kundi libuni mradi wa kweli na kuutekeleza. Maktaba yetu, mnaijua, ina ngazi mlangoni, na kila siku watu wanne walikuwa wakimbeba Mkaguzi na kiti chake kumwingiza. Kundi letu likasema: tunajenga njia ya mteremko. Tukajipigia makofi hata mchanga haujaletwa.

Je, tulikosa mpango? Hata kidogo! Tulikuwa na chati ya ratiba ndefu kuliko mkeka. Tulikuwa na orodha ya wadau hamsini na watatu: Mheshimiwa Mkuu wa Chuo ulikuwamo, mtunza bustani alikuwamo, na namba hamsini na mbili ilisomeka "wapita njia kwa ujumla." Mkaguzi naye tulimwandika, kama mnufaika. Tukafanya vikao kumi na kimoja. Tulivifanyia wapi? Ghorofa ya pili, chumba namba kumi na nne.

Naona wengine mmeshaanza kushika vichwa.

Katibu wa vikao nilikuwa mimi. Na katika kumbukumbu za vikao vyote kumi na kimoja, kwa mwandiko wangu huu huu, nimeandika hivi: "Mkaguzi: hakuhudhuria, bila udhuru." Mara kumi na moja, jamani! Na mara ya sita nikaongeza, "Mwenyekiti alisikitishwa na mwenendo huu." Watu tunaojenga njia ya kumwondolea mtu ngazi tulikutana juu ya ngazi thelathini na nne, tukamlaumu kwa utoro.

Bila yeye tukaenda mbio. Njia ilitakiwa iwe ndefu, lakini ingepita pale Mkuu wa Kitivo anapoegesha gari lake, na nani angemwambia? Tukaifupisha ikawa na mwinuko mkali. Mimi fundi mwashi, mwenye pima maji mkononi, niliona kabisa. Nikanyamaza kwa sababu chati ilisema tumalize Ijumaa.

Siku ya uzinduzi utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa. Mkaguzi akaitazama ile njia, akauliza, "Nani kaipima?" Akapiga moyo konde, akapanda. Alifika nusu, kiti kikarudi nyuma kwa kasi, na Mkuu wa Kitivo, aliyekuwa bado ameshika mkasi, akaruka moja kwa moja hadi kwenye kitalu cha maua. Mungu saidia, hakuna aliyeumia. Sisi tukaandika ripoti nzuri sana. Tukapata alama tisini na moja.

Ile alama niliionea aibu. Nikamfuata Mkaguzi kumwomba radhi, nikidhani atanitukana. Hakunitukana. Aliniambia, "Babu, siku zote zile nilikuwepo. Nilikuwa nakaa hapo chini kwenye ubao wa matangazo. Nilikuwa nawasikia mnavyocheka." Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia pale kwenye ubao wa matangazo mpaka mtunza bustani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Jumamosi iliyofuata tulikutana chini, wote, tukaivunja ile njia kwa nyundo. Mkaguzi alishika utepe wa kupimia akatusimamia, na niwaambie, sijawahi kuwa na msimamizi mwenye mdomo kama ule. Tuliijenga upya kwa majuma mawili, bila chati na bila alama hata moja. Leo anaingia maktaba peke yake, na Mkuu wa Kitivo anaegesha gari nyuma ya stoo. Kwa hilo, baba, nakupongeza. Ulinuna, lakini ulihamisha.

Sasa tuje kwenye jukwaa hili. Kamati ya mahafali ni walimu wetu wa usimamizi wa miradi. Jumanne niliwaendea nikawauliza habari ya mteremko. Wakasema jambo limepokelewa. Jumatano likawa linafanyiwa kazi. Jana nikaambiwa mteremko ungeziba maua, kwa hiyo wameandaliwa walinzi wanne wenye nguvu wambebe. Nikampelekea Mkaguzi habari hizo. Akasema, "Nimebebwa miaka mitatu, nazijua harufu za mashati yenu wote. Leo sibebwi. Kama njia hakuna, cheti waniletee nyumbani kwenye bahasha."

Je, tumpelekee bahasha? Mtu aliyetufundisha kazi hii kuliko yeyote kati yetu?

Wahitimu tuko arobaini na wawili. Tumekutana asubuhi hii, chini, naye akiwepo, na tumekubaliana jambo moja: hakuna atakayepanda hapa kupokea cheti. Majina yaitwe, tutasimama pale sakafuni mbele yake, na yeye awe wa kwanza. Mheshimiwa, hatukugomei na hatuna ubaya nawe. Tunakuomba ushuke.

Najua itifaki haisemi hivyo. Najua Makamu wako sasa hivi anakunong'oneza kwamba haijawahi kutokea. Ni kweli. Lakini wewe una miguu miwili mizima, na hizi ni ngazi tano tu.

Wazazi wetu, walimu wetu, mlionicheka na mliokasirika, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Na wewe Mheshimiwa, ambaye naona umeshasimama na unakusanya joho, asante sana. Taratibu hapo. Ngazi ya tatu inacheza.