Beleshi Libaki Nyumbani

Benchi letu liko mbele ya duka la donati, ng'ambo ya barabara kutoka bustani ya mji wa Corley, Iowa, na kila Jumamosi asubuhi tunalikalia kana kwamba tumelirithi. Sisi ni watu wa mashine za kunusa chuma: tunatembea taratibu, vipokea sauti masikioni, tukisaka sarafu, vifungo na takataka za watu waliokwisha kufa. Mimi wananiita Chupa, kwa kuwa chupa ya kahawa ni yangu. Roscoe tunamwita Sinema, maana kichwani mwake hakujawahi kupita wazo dogo. Nadine ni Antena; ana sikio linalotofautisha senti na kizibo cha soda kabla sisi hatujavaa miwani. Na yule aliyeinamisha kichwa leo ni Vern, jina la benchi Beleshi, ndiye aliyetuponza. Wiki iliyopita alichimba bustanini kwa beleshi la marehemu baba yake, refu kama la mchimba makaburi, akaacha bonde. Gurudumu la mashine ya kukatia nyasi likatumbukia, na aliyekuwa juu yake ni Bi Gretchen, msimamizi wa bustani mwenyewe. Amri yake ni hii: leo Vern achimbe shimo moja na kulifukia, kisha yeye aje kulitafuta. Akiliona, bustani imefungwa kwetu sote, na hakuna rufaa.

CHUPA: Haya, jamani, kahawa hiyo. Swali ni moja tu. Vern anachimba na nini?

SINEMA: Nguo! Mnahangaika na chombo wakati tatizo ni nguo. Vern avae kizibao cha rangi ya machungwa na kofia ngumu. Mtu mwenye kofia ngumu anaweza kuchimba handaki mpaka Nebraska, watu wanampungia mkono tu.

ANTENA: Kofia ngumu bustanini anazigawa Gretchen mwenyewe. Unataka amuulize kaajiriwa lini?

SINEMA: Basi beleshi tulipake rangi ya kijani. Lifanane na nyasi.

ANTENA: Na shimo nalo tutalipaka?

SINEMA: Likatwe mpini! Alifiche ndani ya mguu wa suruali.

CHUPA: Roscoe, hilo ulishalijaribu. Ulitembea mguu mmoja umekakamaa, mama wa watu akakuitia gari la wagonjwa.

SINEMA: Lakini beleshi halikuonekana!

CHUPA: Lilionekana hospitalini.

SINEMA: Sawa, kisu. Kile cheusi cha jeshi, chenye ala ya kufunga pajani. Kimya kimya, unakata, unafukia, unapotea.

ANTENA: Babu mzima na kisu pajani, karibu na bembea za watoto? Polisi watafika kabla hujapiga magoti. Hebu kunywa kahawa yako.

SINEMA: Basi fuko! Tumlete fuko hai. Nani atamshtaki fuko kwa kuchimba?

Hapo hata mwenye duka alicheka, akabaki mlangoni kusikiliza. Vern peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mpini wa lile beleshi kwa mikono miwili, kidevu juu yake.

BELESHI: Mimi siendi. Mwambieni Gretchen nimeacha. Nyinyi endeleeni, mimi nikae nyumbani.

Sote tunajua nyumbani kwa Vern kukoje. Mkewe Elaine alipofariki, Vern alikaa ndani majira mazima ya baridi, mapazia yamefungwa, simu hapokei. Nadine ndiye aliyempelekea mashine ya zamani ya mumewe akamwambia atembee nayo hata uani. Ule mlio ndio uliomtoa ndani. Akirudi nyuma ya mapazia safari hii, sidhani kama ipo mashine itakayomtoa.

ANTENA: Huachi kitu. Shika hiki.

Akafungua mfuko wa kiunoni, akatoa kijikoleo cha mkono: urefu wake hauzidi mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mpini mwekundu, ubavu mmoja una meno kama kisu cha mkate. Pamoja nacho bisibisi iliyosagwa ncha ikawa butu, na kisahani cha plastiki, kile cha kumrushia mbwa akidake.

BELESHI: Nadine, hiki ni cha kupandia maua.

ANTENA: Umeanza kuelewa. Mtu akipita anamwona babu anapanda maua.

BELESHI: Mpini mwekundu atauona kila mtu.

ANTENA: Auone. Hatujifichi, Vern, tumeruhusiwa. Tunachotaka ni kutotisha watu na kutoharibu. Mwekundu ni ili usikisahau nyasini kikaharibu mashine ya Gretchen mara ya pili.

SINEMA: Mara ya pili atakufukia wewe.

ANTENA: Sikiliza. Mlio ukiwa juu juu, bisibisi inatosha: dunga polepole, inua, huna shimo la kufukia. Ukiwa chini, kata nyasi pande tatu. Tatu tu! Upande wa nne uache, ufungue kama mlango. Mizizi ikiwa imeshikana upande mmoja, nyasi hazifi. Udongo wote weka kwenye kisahani, usimwage hata chembe. Ukimaliza, rudisha udongo, funga mlango, kanyaga, mwagia maji kidogo.

BELESHI: Na magoti yangu?

CHUPA: Chukua mto wa benchi.

BELESHI: Beleshi la baba halijawahi kuniangusha.

ANTENA: Litumie kwenye viazi vyako, huko ndiko baba alikolitumia. Leo libaki.

Vern akalitazama, akaliegemeza ukutani nyuma ya benchi kwa upole. Akavuka barabara na mashine yake na vifaa vya Nadine, mto kwapani. Kuanzia hapo Sinema akageuka mtangazaji wa mpira.

SINEMA: Yuko uwanjani! Anazungusha mashine, kushoto, kulia... anasimama! Amesikia kitu! Anapiga magoti, mabibi na mabwana, goti la kwanza, goti la pili... goti la pili linakataa... limekubali!

ANTENA: Funga mdomo, unamtetemesha.

Kwa mbali tulimwona kama mtu anayepalilia. Mama mwenye kigari cha mtoto alipita karibu, akamsalimia, akaendelea na safari. Hakugeuka hata mara moja. Nadine akanifinya mkono mpaka kahawa ikanimwagikia, na mimi sikumlaumu. Vern aliporudi alikuwa na matope vidoleni na uso ambao hausomeki. Alikaa tu.

Bi Gretchen akaja, mikono mfukoni, viatu vya kazi. Alianza pembeni, akaenda mstari kwa mstari, kama sisi tunavyofanya na mashine. Akainama. Akabonyeza kwa kisigino. Akapiga magoti akapapasa nyasi kwa kiganja.

GRETCHEN: Hili hapa! Nimelipata! Bustani imefungwa!

Tulikimbia kuvuka barabara, roho mkononi. Nadine akachungulia kile kitundu, akachomoa kitu kwa vidole viwili.

ANTENA: Ganda la karanga. Vern, tangu lini unazika karanga?

SINEMA: Kindi huyo! Mpigeni marufuku kindi!

Gretchen akawa mwekundu. Akazunguka tena, mara hii harakaharaka, akarudi kwetu amevimba.

GRETCHEN: Mnanichezea. Hakuna shimo hapa. Huyu hakuchimba chochote.

Vern akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, bado kina tope bichi: kibati chembamba cha shaba chenye vijitundu vilivyopangwa mstari.

BELESHI: Hiki ni cha ndani ya kinanda cha mdomo. Nimekitoa kina cha kiganja, humu humu. Zamani jukwaa la bendi lilikuwa hapa; labda mtu alikidondosha akicheza.

Gretchen akakichukua, akakigeuza juani, akaufuta udongo kwa kidole gumba. Ulikuwa bado na unyevu. Akatazama nyasi, akamtazama Vern, kisha, bila kutaka, akacheka.

GRETCHEN: Vern Ostrander, umenishinda. Bustani ni yenu. Lakini na hicho kijikoleo tu. Nikiliona lile beleshi tena, nalipeleka kwa mfua vyuma likawe misumari.

SINEMA: Gooooli!

Tulimbeba Vern mabegani, au tuseme tulijaribu. Tulimvusha barabara, Gretchen nyuma yetu, tukamkalisha kwenye mto wa benchi tukaishia hapo. Mwenye duka alitoka na donati za asali bila kuagizwa. Nilimimina kahawa iliyobaki, na Vern akainua kikombe chake juu kabisa, machozi yanamtoka waziwazi wala hayafuti.

Wakati huo akasimama dada mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi, mgeni mjini, sura hatuijui. Akakitazama kile kibati mkononi mwa Gretchen.

— Kizuri jamani! Mmekichimba wapi?

Sinema akanyoosha kidole, akakikunja. Mimi nikaonyesha kwenye mti wa maple, Nadine akaonyesha kwenye bomba la maji. Tukamgeukia Vern. Vern akapiga hatua mbele, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akazunguka mahali alipo. Ng'ambo ya barabara nyasi zilikuwa za kijani kote, mwanzo hadi mwisho. Akavua kofia, akacheka mpaka akashika magoti yake mabovu.

— Mwanangu, akamwambia, mimi mwenyewe sijui!