Lori la Mashindano na Njia ya Tosamaganga

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa Mlezi wa Chama cha Ndege za Kujiundia, mabwana marubani na bibi zenu, wazee wetu wote mliofika: kamwene, hamjambo.

KUKUKARIBISHA

Sisi wafanyakazi wa uwanja huu wa ndege, hapa shambani nje ya mji wa Iringa, tunakupa pole ya safari kutoka Mbeya, na pole ya baridi hii ya Juni. Tunafurahi kwamba Kiswahili unakisikia mwenyewe, maana mkalimani huchuja, na maneno ya leo hayataki kuchujwa.

Risala hii imeandikwa na mwenzetu Jailos Kalinga, msimamizi wa wakata nyasi, aliyeishia darasa la pili. Anayeisoma ni Liberatus, mkata nyasi mwenzake, kwa maana Jailos amebaki nyumbani. Jana tulimwonyesha Bwana Katibu wa Chama risala nyingine, iliyoomba makoti ya mvua. Hii siyo ile. Hii tumeitunga alfajiri ya leo, na sababu utaisikia. Bwana Katibu akinyoosha mkono kuichukua karatasi, tunaomba umzuie kidogo. Siyo ndefu.

HISTORIA

Hapa palikuwa shamba la tumbaku. Mabwana walipoanza kuunda ndege zao ndogo kwa mikono yao, ghala la kukaushia tumbaku likageuka karakana. Sisi tulipiga randa mbao, tukachemsha gundi. Nguo za mabawa alizishona mzee Muharami, fundi cherehani wa Kihesa, akisaidiwa na wake zetu. Marta, mke wa Jailos, alikuwa mmoja wao.

Siku bawa la kwanza lilipovishwa, Marta alishika kiuno akasema mbele ya wote, "Tazameni jamani! Ndege imepata joho, na mimi nina kanga moja tangu Pasaka."

Muharami akamjibu, "Shemeji, ota mabawa kwanza, nitakushonea bure."

Tulicheka mpaka gundi ikakauka kwenye brashi. Jailos naye alicheka siku ile. Ilikuwa mwaka juzi.

Baadaye mashindano yakaanza: kuruka kutoka hapa, kupita juu ya Igawa, mpaka Mbeya, na anayetangulia kufika anapewa kikombe. Ikawekwa desturi kwamba lori la shamba, ambalo ndilo gari pekee tulilo nalo hapa, lifuate kwa barabara na mapipa ya petroli, ili rubani akitua porini aokotwe.

MAFANIKIO

Hakuna rubani aliyepotea. Hakuna bawa lililoachia uzi. Kikombe kinang'aa, tunakiona kupitia dirishani. Zaidi ya hayo hatuna.

SHIDA

Mwaka jana, asubuhi ya mashindano, Marta alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Bibi Ikupa, mkunga wetu, alimpapasa akasema, "Hili silo langu. Mpelekeni Tosamaganga hospitali, upesi." Jailos akakimbia mpaka uwanjani, akavua kofia mbele ya Bwana Katibu.

"Bwana, naomba lori. Mke wangu hali mbaya."

"Subiri, Jailos. Ndege zinaondoka. Rubani akianguka, nani atamwokota?"

"Bwana, huyu wangu amekwisha kuanguka."

"Lori litarudi kesho. Utapewa kesho."

Jailos akabaki amesimama na kofia yake, lori likampita akala vumbi. Tukafunga machela kwa miti miwili na blanketi, tukambeba Marta kwa kupokezana. Njiani alikuwa anauliza, "Tumevuka Ruaha?" Jailos anamjibu, "Tunavuka sasa hivi, mama Atu," na mto hata hatujauona. Alinyamaza kabla hatujayafikia maji, yeye na mtoto wake.

Kesho yake lori lilirudi na mapipa yamejaa kama yalivyoondoka. Hakuna aliyeanguka. Bwana Katibu alileta blanketi jipya, akasema ni mapenzi ya Mungu. Jailos anasema Mungu hakuliendesha lori lile. Mwaka mzima tumekuwa tukimkataza kusema hivyo. Leo tumemwachia aandike.

MAOMBI

Ombi letu ni moja, Bwana Mkubwa.

Atuganile, huyo Atu, mtoto pekee aliyebaki kwa Jailos, ameolewa Igawa. Kwetu mwenye mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama. Alikuja mwezi uliopita, mama hayupo, akapokelewa na baba. Tangu jogoo la kwanza uchungu umemshika. Bibi Ikupa ameingia, amemgusa tumbo, akatoka nje akajifunika kanga usoni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tumeshtuka. Binti yuko nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana.

Wakati unasikia haya, Ezekia dereva amekwisha kupakia mapipa na anangoja bendera yako ya kuanzisha mashindano ya leo. Ezekia ni mwenzetu, lakini amri si yake. Tunakuomba utamke neno moja tu, lori liende Tosamaganga. Rubani akianguka tutamfuata sisi kwa miguu, tutamtoa porini kwa machela. Kubeba tunajua.

Na hili la mwisho tunalisema kwa heshima. Ndege hizi hazina breki, wala haziwaki zenyewe. Mmoja huzungusha panga la mbele mpaka injini iwake, wawili hushika mkia mpaka rubani apaze sauti, "Achia!" Watu hao ni sisi. Bendera ni yako, Bwana Mkubwa, waweza kuipunga. Mkia hatutaushika mpaka tuone vumbi la lori limeelekea Tosamaganga.

Tunajua kazi zetu zaweza kuisha leo, na nyumba tunazolala ni za shamba. Tumeulizana mmoja mmoja, hata wale wenye watoto wengi. Hakuna aliyejitoa.

Mungu akulinde wewe na wote waliotoka kiunoni mwako, na safari ya kurudi Mbeya iwe nyepesi. Jailos tumemwacha mlangoni kwa mwanawe. Huko aliko maneno haya hayasikii. Anatega sikio kwa injini itakayotangulia kuwaka, kama ni ya lori au ni ya ndege.

Ni sisi watumishi wako,
Wafanyakazi wa Uwanja wa Ndege,
Iringa, Juni 1957.