Bwana Msafi Aweka Ufagio Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha kupima upepo wa jua, yaani chembe zinazovuma kutoka juani, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Msafi, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Machozi yalitoka, mengine ya furaha, tusidanganyane.

Jina hilo alilipata kihalali. Meza yake haikujua vumbi, na michoro yake haikujua ukweli. Kila asubuhi aliingia wa kwanza akapiga deki vipimo vya satelaiti: mstari uliopanda ghafla aliufuta usionekane tena. Nywila ya kufutia alikuwa nayo peke yake. Kwake, mstari kama huo ulimaanisha mtambo umeugua. Jamani, mtambo gani huugua kila jua likilipuka?

Kumbe hapo ndipo penye kazi yetu. Jua likifyatua wingu la gesi kwa kasi, mbele yake hujengeka wimbi la mshtuko. Chembe zenye chaji hunaswa hapo, hurushwa na nguvu za sumaku mbele na nyuma ya wimbi, na kila zikivuka huongezewa kasi. Wimbi likiipitia satelaiti, ndipo mstari hupanda ghafla. Sisi nasi tulirushwa kati ya ofisi yake na ya mhasibu, tukaongezewa uchovu tu.

Aliyeumia zaidi ni mtafiti wetu wa chembe, tunayemwita Shangazi, ambaye naye anastaafu mwakani. Miaka yote alitaka vipimo vya wimbi moja tu, zima, lisilofutwa, athibitishe hesabu zake. Aliomba, akabembeleza, akanuna. Alijibiwa kwa upole kwamba usafi ni nusu ya sayansi. Iliuma, na bado inauma.

Tusimnyime haki yake, hata hivyo. Satelaiti yenyewe ni yeye aliyeipigania mpaka ikarushwa, na wagonjwa wetu aliwatembelea wote.

Siku ya kumuaga, keki ikikatwa, wimbi likaipitia satelaiti. Mstari ukapanda kwenye skrini ya ukutani mbele ya wageni. Mazoea yana taabu: Bwana Msafi alitupa kisu akakimbilia kompyuta. Nywila ikamkataa, ilikuwa imeshastaafu tangu asubuhi.

Shangazi, machozi yakimtiririka, alimvutia kiti. Wakautazama pamoja mpaka wageni wakaondoka. Mwishowe mzee aliuliza, kwa sauti ndogo, kama huwa ni hivyo kila mara.

Huwa ni hivyo, mzee wetu. Asante kwa satelaiti. Ukapumzike kwa raha na afya tele. Huko nyumbani futa vumbi upendavyo. Huku hatufuti tena.