Tata Ngeleka Angali na Mpira Tumboni

Risala ya Umoja wa Mama Walinzi wa Wagonjwa, Jengo la Upasuaji, kwa mkurugenzi mpya wa hospitali, siku ya kufungua jiko. Kolwezi, 1993.

Mgeni rasmi, Tata Kalumba, mkurugenzi wetu, waganga na wauguzi, padri na mchungaji mliokubali kukaa benchi moja, wagonjwa mnaotusikiliza madirishani, mama wenzetu,

Karibu jikoni kwetu. Tunajua wakubwa hawapokelewi jikoni, lakini jiko hili ndilo ulilokuja kulifungua, kwa hiyo utatusamehe moshi. Ofisi yako ilitushauri kwamba risala iwe fupi na iwe ya furaha. Kwa upande wa ufupi tutajitahidi.

TULIKOANZIA

Sisi ni wake, dada na mama wa watu waliopasuliwa. Hapa kwetu mgonjwa haji hospitali peke yake. Anakuja na mtu wa kumpikia, kumwosha na kulala sakafuni karibu na kitanda chake. Mtu huyo ni mlinzi wa mgonjwa, na walinzi hao ndio sisi.

Umoja wetu ulizaliwa na msiba. Tata Mbayo alikatwa mfuko wa chakula kwa sababu ya kansa, na upasuaji ulikwenda vizuri. Ili mshono upumzike, alilishwa kwa mpira mwembamba ulioingizwa kwenye utumbo, ule ambao wauguzi wanauita sonde. Uji mwepesi ulipita humo polepole, na kinywani hakutakiwa kutia kitu. Mke wake, mama Odile, ambaye ameketi hapa mbele na ametupa ruhusa ya kusema haya, aliona mumewe anakonda. Nawe unatujua, Tata: kwetu mtu ambaye hajala bukari, ugali wetu wa kila siku, hajala, hata ukimshibisha vitu vingine vyote. Odile alingoja muuguzi atoke, akamega tonge, akalichovya kwenye mboga, akampa. Mbayo akameza.

"Alinichekea," Odile anasema hadi leo. "Akaniambia, sasa njo nimekula."

Mshono ulifumuka, na Mbayo akafa. Hakuna mama hata mmoja hapa anayeweza kuapa kwamba yeye asingempa mumewe lile tonge.

Aliyemshika Odile mkono siku zile ni mama Kanku, ambaye alikuwa akimuuguza dada yake. Alimwambia, "Ulimupa na mapendo, Odile, Mungu aliona. Lakini sasa tujifunze, juu bengine basikufe sawa Mbayo." Odile ni wa kaskazini ya Katanga. Wazazi wa Kanku walitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Siku zile hakuna aliyeuliza jambo hilo, na tunasikitika kwamba leo inabidi tulitaje.

TULIYOYAFANYA

Muuguzi Laure alitufundisha, naye hakuwa mpole. Unga wa mahindi, soya na karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini, yai, mafuta kidogo, sukari na chumvi. Uji uchujwe kwa kitambaa kilichochemshwa, kwa maana punje moja tu inaziba mpira. Maji safi yapite kabla ya uji na baada yake. Mgonjwa ainuliwe mgongo. Uji uliobaki umwagwe, hata kama moyo unauma kumwaga chakula wakati huu wa njaa.

Lililotushinda mwanzoni ni kwenda polepole. Mama wa hapa akimpa mtu chakula anataka akimalize, kisha amwongezee. Lakini utumbo usio na mfuko mbele yake hauvumilii haraka. Ukiukimbiza, mgonjwa anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anaharisha, na nguvu uliyotaka kumpa inapotea yote. Tulijifunza kukaa na chupa inayodondosha uji tone kwa tone, na kunyamaza.

Mke mpya anapofika, Odile ndiye anayeketi naye kwanza. Hamfundishi kupika uji. Anamsimulia habari za Mbayo, basi. Tangu hapo hakuna mgonjwa wetu aliyepewa tonge kwa siri. Tata mmoja wa Mutoshi sasa anakula mwenyewe, kidogo kidogo kutwa nzima, na mkewe analalamika kwamba sufuria yake haitoki motoni. Hayo ni malalamiko tunayopenda kuyasikia.

YANAYOTUSUMBUA

Tangu kazi ya migodini ilipolala, umeme unakuja ukitaka, soya imekuwa adimu, na mpira ukiharibika hakuna mwingine wa kubadilisha. Hayo tumeyazoea na hatutakuchosha nayo.

Linalotuuma ni lingine. Ulipokuja leo ulipita stesheni, umeona mwenyewe waliolala pale na magodoro yao na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, kwa kuwa wanafukuzwa Katanga kwa ajili ya asili yao. Miongoni mwao wamo mama wa umoja huu. Daktari Muamba, aliyewapasua wagonjwa wetu, ameshaondoka. Zamani kwenye jiko bovu tulikuwa tukisukumana viwiko. Sasa tumepewa jiko kubwa, na nafasi imebaki wazi. Tunasikitika sana kukupokea tukiwa wachache hivi.

Mama Kanku naye hayupo. Alikwenda sokoni kutafuta soya, vijana wanaofukuza watu wakamkuta huko, wakamsukuma pamoja na wengine mpaka stesheni, na treni ikamchukua vile alivyokuwa. Alichoweza kutuma ni neno moja kupitia mwuza samaki, kwa msomaji wa risala hii: "Mwambie mama Fidélie asimupe mbio. Akipewa mbio anateseka."

Alikuwa akisema habari za mume wake, Tata Ngeleka, aliye kwenye kitanda cha dirishani. Ugonjwa uliompata Mbayo ulimpata na yeye. Amepasuliwa, na mshono wake haujapona sawasawa. Hata akinywa maji yanamchoma. Anaishi kwa mpira. Tangu Kanku achukuliwe tunamlisha sisi, kwa zamu.

Sasa amri imetoka juu kwamba wagonjwa wa asili ya Kasai watolewe vitandani, wapande treni ya Jumamosi. Tulimwambia sisi wenyewe, asije akasikia kwa watu wa nje. Alicheka kidogo.

"Banasema nirudi kwetu," alisema. "Kurudi ni ya mutu mwenye alitoka kule. Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Kasai sijafikaka hata siku moja."

Kisha akauliza kama ndani ya behewa kutakuwa na moto wa kuchemshia maji yake. 

Tata Kalumba, wewe ulikuwa mganga kabla ya kuwa mkurugenzi, kwa hiyo tutasema waziwazi. Treni hiyo inasimama porini kadiri inavyotaka. Maji safi hakuna, na watu wamebanana hata pa kumwinua mgonjwa mgongo hapapatikani. Uji utachacha na mpira utaziba. Tata Ngeleka hatafika.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi, na ofisi inayajua. Leo tunayaacha yote na kuomba moja. Tata Ngeleka abaki kitandani kwake mpaka mshono upone na mpira utolewe na mganga. Tunajua nawe una wakubwa wako. Tunajua vijana watakuja kukuuliza kwa nini. Waambie huyo ni mgonjwa wa mama wa jikoni, waje watuulize sisi.

Ikiwa haiwezekani, tunaomba utuambie leo hii, ili tupate muda wa kujiandaa. Tumekubaliana kwamba hatapanda peke yake. Mimi ninayesoma hapa, Fidélie Numbi, mtoto wa kaskazini ya Katanga ambaye hakuna anayemfukuza, nitapanda behewa hilo pamoja naye. Nitabeba makaa, maji yaliyochemshwa na unga wake, nimlishe njiani polepole kama mkewe alivyoagiza, mpaka nimkabidhi mikononi mwake. Watoto wangu watabaki kwa Odile. Ninaogopa, Tata, sitakudanganya. Namna ya kurudi nitaitafuta nikishafika.

Mungu akubariki kwa jibu lolote utakalotupa, na akuzidishie kwa lile tunalolingoja. Awatie nguvu walioko stesheni na walioko njiani.

Ni sisi, Umoja wa Mama Walinzi wa Wagonjwa, Jengo la Upasuaji, pamoja na mama Kanku, ambaye bado ndiye mwenyekiti wetu.